Umakini na Ujifunzaji wa Mtoto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo wazazi, walezi na walimu wa madarasa ya awali wanayoyarudia kila mazungumzo yanapofika kwa mtoto "asiyetulia". Yameanzia kwenye misingi na kuishia kwenye hali za pekee. Kila jibu linaweza kusomwa peke yake, na pale jambo lilipokwisha kuelezwa kwingine, namba ya swali husika imetajwa.

## Misingi

1. Umakini ni nini hasa?

Umakini ni jumla ya njia ambazo ubongo huzitumia kuchagua, kati ya mambo mengi yanayoufikia kwa wakati mmoja, yapi yashughulikiwe na yapi yaachwe yapite. Mwaka 1990 Michael Posner na Steven Petersen walipendekeza kwamba kazi hii hufanywa na mifumo mitatu inayoshirikiana: wa kwanza huuweka mwili katika hali ya kuwa macho, wa pili hugeuza macho na masikio kuelekea kwenye jambo, na wa tatu husimamia makusudio, yaani humwezesha mtu kushikilia alilolikusudia na kukataa linalomvuta pembeni.

Mgawanyo huu unamfaa mlezi kwa sababu mifumo hiyo haikomai pamoja. Mtoto wa mwaka mmoja hugeuka mara moja akisikia mlango ukifunguliwa, lakini hawezi bado kujikataza kugeuka. Tukisema mtoto huyo hana umakini tunakosea: mfumo wake wa pili unafanya kazi barabara, ila ule wa tatu ungali mchanga, na utachukua miaka mingi kukomaa, kwa kuwa sehemu za mbele za ubongo zinazoutegemeza huendelea kukua hadi baada ya umri wa miaka 20.

2. Je, umakini hutangulia ndipo mtoto ajifunze, au kujifunza ndiko kunakoleta umakini?

Kila kimoja hukilea kingine, na hili ndilo jambo ambalo ningependa msomaji alishike kuliko mengine yote ya ukurasa huu. Tumezoea kudhani kwamba umakini ni kitu ambacho mtoto ama anacho ama hana, na kwamba akishakuwa nacho ndipo somo huingia. Ushahidi unaonyesha kwamba alichokwisha kujifunza ndicho kinachoamua ataona nini, na anachokiona ndicho kinachoamua atajifunza nini baadaye.

Mfano ulio wazi sana ulitolewa mwaka 2002 na Linda Smith na wenzake. Walichukua watoto wa miezi 17, umri ambao mtoto ana maneno machache tu. Kwa wiki 7 watoto hao walicheza na vitu vilivyobuniwa, vyenye majina ya kubuni, ambapo vitu vyote vya jina moja vilifanana umbo lakini vikatofautiana rangi na malighafi. Hakuna aliyewaambia watoto "tazameni umbo". Hata hivyo, mwishoni walipoonyeshwa kitu kipya kabisa na kuambiwa jina lake, walilipeleka jina hilo kwenye vitu vingine vyenye umbo lile lile. Zaidi ya hapo, majina ya vitu waliyoyatumia katika maisha yao ya kawaida yaliongezeka kwa kasi kuliko ya watoto ambao hawakupata mafunzo hayo.

Mzunguko wake ni huu. Mtoto hujifunza kikombe cha bati, kisha cha plastiki, kisha cha udongo, na polepole jicho lake linazoea kwamba kinachobeba jina ni umbo, si rangi wala kinachokitengeneza kitu. Likishazoea hivyo, jina jipya linahitaji kusikika mara moja au mbili tu, kwa sababu mtoto anajua pa kutazama. Maneno machache ya mwanzo yamelifundisha jicho, na jicho lililofundishwa linaleta maneno mengi.

Ndiyo maana kauli ya "hana umakini, ndiyo maana hajifunzi" mara nyingi ina ukweli nusu. Huenda hajajifunza bado kile ambacho kingemwonyesha pa kuelekeza umakini wake.

3. Kichanga huzaliwa na umakini wowote?

Ndiyo, ingawa ni mdogo na una mipaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1975 ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa dakika chache tu zilizopita hufuata kwa macho mchoro uliopangwa kama uso wa mtu kuliko mchoro wenye viungo vile vile vilivyovurugwa, na Mark Johnson na wenzake walipata matokeo ya aina hiyo mwaka 1991. Kwa kuwa kichanga huona vizuri zaidi kilicho karibu naye, kwa umbali wa takriban sentimita 20 hadi 30, uso wa mama anayenyonyesha upo mahali panapofaa kabisa.

Wazazi wengi hushtuka mtoto wa mwezi mmoja au miwili anapokazia macho taa au pambo la ukutani na kushindwa kuyaondoa, wakati mwingine hadi analia. Katika umri huo uwezo wa kulinasua jicho haujakomaa. Kufikia karibu miezi 4, mtoto wa kawaida huweza kuhamisha macho kwa urahisi zaidi.

## Mwaka wa kwanza na wa pili

4. Kwa nini mtoto hukichoka kichezeo haraka? Je, ni dalili ya kutotulia?

Mara nyingi ni dalili kwamba amekwisha kukijua. Mwaka 1964 Robert Fantz alionyesha kwamba vichanga waliozidi miezi 2 hupunguza muda wa kutazama picha inayorudiwa na kuendelea kuitazama iliyo mpya. Kugeuza macho kulikuwa ushahidi kwamba picha ya kwanza imeingia kwenye kumbukumbu, na tangu hapo watafiti wametumia njia hiyo kuwauliza maswali watoto wasioweza kusema.

Upya peke yake hautoshi, hata hivyo. Celeste Kidd na wenzake walichunguza watoto wa miezi 7 na 8 mwaka 2012 wakagundua kwamba watoto hao huyaondoa macho upesi kwenye matukio mepesi mno kutabirika, na vilevile kwenye yale yasiyotabirika kabisa. Waliendelea kutazama yaliyo katikati, ambayo yana kitu cha kujifunza na yanaweza kujifunzika. Mtoto anayekiacha kitabu huenda kimempita kimo, au yeye ndiye aliyekwisha kukipita.

Kuna jaribio lingine ninalolipenda kwa namna linavyoonyesha udadisi wa mtoto waziwazi. Aimee Stahl na Lisa Feigenson, mwaka 2015, waliwaonyesha watoto wa miezi 11 kigari ambacho kwa ujanja wa jukwaa kilionekana kupenya ukuta, au kubaki hewani bila kuegemea kitu. Walipopewa kigari hicho mkononi, walioona kikipenya ukuta walikigonga mezani, na walioona kikielea walikiachia kianguke. Umakini uliokuwa umeamshwa na mshangao uligeuka mara moja kuwa uchunguzi, na kila mtoto alichunguza jambo lile lile lililomshangaza.

5. Nimesikia kwamba mtoto hupoteza uwezo wa kusikia sauti fulani anapofikia mwaka. Ni kweli?

Ni kweli kwa maana maalumu: masikio yake ni mazima, bali umakini wake umejipanga upya. Janet Werker na Richard Tees walionyesha mwaka 1984 kwamba watoto wa miezi 6 hadi 8 wanaolelewa katika Kiingereza nchini Kanada waliweza kutofautisha sauti za Kihindi na za lugha moja ya wenyeji wa Kanada ambazo hawakuwahi kuzisikia. Wa miezi 10 hadi 12 wengi wao hawakuweza. Uchunguzi wa Olivier Pascalis na wenzake, mwaka 2002, ulipata jambo linalofanana katika nyuso: watoto wa miezi 6 walitofautisha nyuso za nyani mmoja mmoja, wa miezi 9 hawakuzitofautisha tena. Watoto waliokuwa wakionyeshwa nyumbani picha za nyani, kila nyani na jina lake, walibaki na uwezo huo.

Afrika Mashariki tunaliona jambo hili kila siku. Aliyekua katika lugha isiyotenganisha *l* na *r* hupata taabu kuzitenganisha katika Kiswahili cha ukubwani, na huchekwa bure. Sikio lake lilijifunza mapema, na kwa usahihi, kwamba katika lugha ya nyumbani tofauti hiyo haibebi maana. Mtu mzima anaweza kujifunza upya, ila kwa juhudi ambayo kichanga hakuihitaji.

6. Nizungumze naye vipi ili maneno yaingie?

Mfuate aliko kabla ya kumvuta uliko. Mtoto amekaa mkekani, ameshika kifuniko cha sufuria, anakigeuzageuza. Mtu mzima mwenye nia njema anamwita: "Tazama ndege! Ndege yule!" Mtoto analazimika kukiacha kifuniko, kutafuta, kukosa, na kufikia hapo neno limekwisha kupita. Angeambiwa "kifuniko, kifuniko kinalia", neno lingemkuta macho na mikono viko pale pale. Michael Tomasello na Michael Farrar walilijaribu jambo hili mwaka 1986 kwa watoto wa miezi 17, na majina ya vitu ambavyo mtoto alikuwa tayari amevielekea yalishikwa vizuri zaidi kuliko majina ya vitu alivyovutwa kuvitazama.

Kuna faida ya pili isiyoonekana kwa urahisi. Chen Yu na Linda Smith waliwavisha wazazi na watoto wa umri wa karibu mwaka mmoja vifaa vidogo vya kufuatilia macho wakati wakicheza, na mwaka 2016 wakaripoti kwamba mzazi alipokitazama kichezeo alichokuwa akikitazama mtoto, mtoto aliendelea kukishughulikia kwa muda mrefu zaidi, hata baada ya mzazi kuondoa macho. Uwezo wa kudumu kwenye jambo moja, ambao tunaufikiria kuwa wa mtoto peke yake, huanza ukiwa wa watu wawili.

Kuhusu simu, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na Jessa Reed na wenzake uliwataka akina mama wawafundishe watoto wa miaka 2 maneno mawili mapya. Katika neno moja mama alikatizwa na simu, katika jingine hakukatizwa. Neno lililokatizwa halikushikwa, ingawa lilitamkwa idadi ile ile ya mara.

7. Mama na bibi zetu hawakuwa wakizungumza na vichanga namna hiyo, na watu walikua. Inakuwaje?

Pingamizi hili ni la haki, na linastahili jibu lisilo la kejeli. Robert LeVine na timu yake waliwachunguza akina mama wa Kisii, magharibi mwa Kenya, katika miaka ya 1970. Waliona kwamba mama alikaa karibu na mtoto, alimbeba, na aliitikia kilio upesi, lakini alimtazama usoni na kumsemesha kidogo kuliko akina mama wa Boston waliolinganishwa nao. Lengo lake lilikuwa mtoto salama na mtulivu, na kwa lengo hilo alikuwa stadi.

Mtoto wa namna hiyo hujifunza aina nyingine ya umakini, ile ya kuangalia yanayofanywa na wengine bila kualikwa. Maricela Correa-Chávez na Barbara Rogoff waliipima aina hiyo nchini Guatemala na California, katika utafiti uliotoka mwaka 2009. Mtoto alikaa pembeni wakati ndugu yake akionyeshwa jinsi ya kutengeneza kichezeo. Watoto wa Kimaya ambao mama zao walisoma shule kidogo walifuatilia kwa makini somo lisilowahusu, na zamu yao ilipofika walihitaji msaada kidogo kuliko watoto wa Marekani wenye asili ya Ulaya. Watoto wa Kimaya ambao mama zao walisoma shule zaidi walikuwa katikati. Anayemkumbuka binti aliyejifunza kukunja sambusa au kusuka ukili kwa kukaa tu kando ya wakubwa anaujua umakini huu, ingawa hakuna karatasi ya mtihani inayoupima.

Shule, kwa upande wake, hudai umakini kwa mtu anayekusemesha moja kwa moja, na hudai msamiati mpana. Mtoto anaweza kupewa njia zote mbili. Ningesikitika kuona familia ikiacha ya kwanza kwa kudhani ni ushamba.

## Chekechea na darasani

8. Mtoto wa miaka 4 anapaswa kutulia dakika ngapi?

Hakuna idadi moja inayoaminika, na kanuni zinazosambazwa za "dakika kadhaa kwa kila mwaka wa umri" zitumiwe kwa tahadhari. Mtoto yule yule hudumu muda mrefu kwenye mchanga na maji, na muda mfupi kwenye mstari wa herufi asizozielewa. Badala ya kuhesabu dakika, linganisha: anadumu wapi, anaacha wapi, na tofauti ya shughuli hizo ni ipi?

9. Anaijua sheria, anaitamka mwenyewe, kisha anaivunja papo hapo. Ni ukaidi?

Katika umri wa miaka 3, mara nyingi si ukaidi. Philip David Zelazo na wenzake wameonyesha hili kwa kadi zenye picha. Mtoto hupanga kadi kwa rangi, kisha anaambiwa mchezo umebadilika, sasa apange kwa umbo. Akiulizwa kadi ziende wapi katika mchezo mpya, mtoto wa miaka 3 hujibu sawasawa, kisha mkono wake huiweka kadi kwa rangi kama mwanzo. Kufikia miaka 4 au 5 wengi hubadilika bila taabu.

Alichojifunza dakika moja iliyopita kimeshika umakini wake, na nguvu ya kuunasua bado haijatosha. Kumkaripia hakumwongezei nguvu hiyo. Kumkumbusha kwa jina la jambo linalotakiwa kabla ya kila kadi, "hii ni gari", humsaidia zaidi.

10. Kuna michezo inayokuza umakini?

Ipo, na mingi tunayo tayari. Chukua mchezo wa "nyama, nyama, nyama". Kiongozi hutaja mnyama, akiwa analiwa, watoto huruka na kuitikia "nyama!", akiwa haliwi, kila mtu hunyamaza na kutulia. Kasi inaongezeka: ng'ombe, nyama! mbuzi, nyama! kuku, nyama! fisi... na huyo mmoja tayari yuko hewani. Maabara hupima uwezo wa kujizuia kwa jaribio la muundo huo huo, lakini bila wimbo na bila wenzako. Mchezo huu unamtaka mtoto asikilize, akumbuke kanuni, na aukatae mwitikio aliokwisha kuuzoea, yote kwa pamoja.

Tahadhari moja. Tathmini za programu za kompyuta zinazodai kunoa kumbukumbu na umakini zimeonyesha kwamba mtoto huwa hodari zaidi katika mazoezi yale yale na yanayofanana nayo, lakini faida kwenye hesabu na kusoma ni ndogo au haipo. Sitegemei kwamba "nyama, nyama" itamfundisha mtoto kujumlisha. Huo ni mchezo mzuri, na unatosha kuwa hivyo.

11. Mwanangu anasoma chuoni, yaani madrasa, kutoka kulia kwenda kushoto, na shuleni kutoka kushoto kwenda kulia. Je, hatachanganyikiwa?

Wazazi wa Mombasa, Lamu na Unguja huuliza hili mara nyingi, na jibu linatuliza. Msomaji hateremshi macho juu ya mstari kama maji. Macho huruka na kutua, na kila yanapotua umakini hutangulia upande yanakoelekea. Kwa wasomaji wa Kiingereza, eneo linalotumika ni takriban herufi 3 au 4 kushoto mwa mahali jicho lilipotua, lakini herufi 14 au 15 kulia. Mwaka 1981 Alexander Pollatsek na wenzake waliwapima Waisraeli wanaosoma Kiebrania na Kiingereza: katika Kiebrania eneo hilo lilielemea kushoto, na watu hao hao waliposoma Kiingereza liliegemea kulia. Umakini ulikuwa umejifunza pande mbili, na uligeuka kufuatana na maandishi.

Tofauti haiishii kwenye upande. Mtoto wa chuoni hujifunza kwamba be, te na the zina mwili mmoja, na kinachozitenganisha ni nukta: moja chini, mbili juu, tatu juu. Jicho lake linafunzwa kuheshimu kitone. Shuleni *b* na *d* zina viungo vile vile, na kinachozitenganisha ni upande wa tumbo, jambo ambalo jicho la mtoto lilizoea kulipuuza kwa sababu kikombe ni kikombe mkono wake uwe kulia au kushoto. Ndiyo maana watoto wengi wanaoanza shule hugeuza herufi hizo, wawe wamepita chuoni au la.

12. Picha nyingi ukutani husaidia darasa la awali?

Anna Fisher na wenzake walilijaribu mwaka 2014 kwa watoto wa chekechea, wakafundisha masomo katika chumba kilichojaa mapambo na katika chumba hicho hicho kikiwa kitupu. Katika chumba chenye mapambo watoto walikuwa nje ya somo kwa takriban asilimia 39 ya muda, katika kile kitupu asilimia 28, na walijifunza zaidi kwenye kuta tupu. Weka ukutani kinachohusu somo la wiki, na ukibadilishe somo linapobadilika.

13. Mwanafunzi aliyekuwa makini shule ya msingi ameanza kusinzia sekondari. Lugha ya kufundishia ina mchango?

Ina mchango mkubwa. Tanzania Bara, wanafunzi wengi wa shule za serikali husoma msingi kwa Kiswahili, kisha hukutana na masomo yote ya sekondari, isipokuwa Kiswahili chenyewe na machache mengine, kwa Kiingereza. Nafasi ya akili inayoshikilia mambo kwa muda mfupi ni finyu kwa kila mtu. Mwanafunzi anayeitumia kufumbua sentensi hubaki na kidogo cha kufumbua usanisinuru, na mwalimu akiendelea mbele uzi hukatika. Jibu la swali la 4 linahusika hapa pia: binadamu wa umri wowote huyaondoa macho kwenye kile asichoweza kukitabiri hata kidogo.

## Mwili, maradhi na skrini

14. Je, chakula na maradhi vinaweza kuwa chanzo?

Ndiyo, na katika eneo letu hili liangaliwe kabla ya kumlaumu mtoto. Utafiti wa Rebecca Stoltzfus na wenzake uliofanyika Pemba, ukachapishwa mwaka 2001, uliwapa watoto wadogo madini ya chuma kila siku kwa miezi 12, na ukaonyesha maendeleo bora ya lugha. Hata hivyo usikimbilie duka la dawa: utafiti mwingine wa Pemba, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba kuwapa watoto wote vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki katika eneo lenye malaria nyingi kuliongeza maradhi makali na vifo. Mtoto apimwe damu kwanza, na daktari ndiye aamue.

Malaria inayopanda kichwani huacha alama yake baada ya homa kwisha. Watafiti waliowafuatilia watoto Kampala walikuta kwamba miaka 2 baadaye takriban mtoto 1 kati ya 4 waliougua alikuwa na upungufu wa kiakili, na umakini ulikuwa miongoni mwa vilivyoathirika zaidi. Mwalimu anayepokea mtoto aliyewahi kulazwa kwa degedege la malaria anahitaji kuijua historia hiyo.

Usikivu na uoni pia vipimwe. Mtoto mwenye masikio yanayotoka usaha huonekana mtoro wa mawazo, kumbe hasikii.

15. Katuni zinamharibu umakini? Na video za kufundishia?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Kuhusu kufundisha, Patricia Kuhl na wenzake waliwapa watoto wa Marekani wa miezi 9 vipindi 12 vya Kichina. Waliosomewa na kuchezeshwa na mtu halisi walizishika sauti za lugha hiyo. Waliotazama watu hao hao kwenye runinga hawakushika kitu. Mtu halisi hutazama anachotazama mtoto, kama ilivyoelezwa katika swali la 6, na video haiwezi kufanya hivyo.

Runinga inayowaka bila kutazamwa ina madhara yasiyosemwa sana. Utafiti wa mwaka 2008 ulipowachunguza watoto wa mwaka 1 hadi 3 wakicheza huku kipindi cha watu wazima kikiendelea pembeni, watoto walikitupia macho mara chache tu, lakini michezo yao ilikatikakatika na muda wa kuzama ndani yake ukapungua.

## Hali za pekee

16. Mtoto anayeweza kusubiri peremende ya pili ndiye atakayefaulu maishani?

Majaribio hayo, ambamo mtoto huwekewa peremende moja na kuahidiwa ya pili akisubiri bila kuila, yalianzishwa na Walter Mischel huko Stanford miaka ya 1960. Utafiti mkubwa zaidi wa mwaka 2018 ulikuta kwamba uhusiano wa kusubiri huko na mafanikio ya baadaye ni dhaifu, na hupungua sana hali ya familia ikizingatiwa. Mwaka huo huo ulichapishwa utafiti uliowalinganisha watoto wa miaka 4 wa Kinso wa Kameruni na wa Ujerumani, na watoto wa Kinso walisubiri vizuri zaidi kwa mbali. Kinachobaki na thamani katika majaribio ya Mischel ni namna waliosubiri walivyofanya: waliyaondoa macho kwenye peremende, wakaimba, wakajifunika uso. Hiyo ni mbinu, na mbinu hufundishika.

17. Nitajuaje kama ni ADHD, yaani hali ya kudumu ya kupungukiwa umakini na kutotulia kupita kiasi?

Hujui kwa kumtazama siku moja, na mwalimu hawezi kuithibitisha peke yake. Vigezo vinavyotumika sana hudai dalili ziwe zimedumu angalau miezi 6, zimeanza kabla ya umri wa miaka 12, na zinaonekana katika mazingira mawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na shuleni. Anayesumbua kwenye somo moja tu huenda ana tatizo na somo hilo. Pia, mtoto mwenye ADHD anaweza kuzama kwenye mchezo wa simu kwa saa nzima, kwa sababu mchezo hujibu kila sekunde. Kuzama huko hakuthibitishi kwamba anajifanya darasani. Anza na vipimo vya swali la 14, kisha tafuta daktari wa watoto au wa afya ya akili. Fimbo haina nafasi popote katika mlolongo huu.

18. Je, mtoto kutokuwa na umakini kama wa mtu mzima kuna faida yoyote?

Ipo. Daniel Plebanek na Vladimir Sloutsky, mwaka 2017, waliwaonyesha watu wazima na watoto wa miaka 4 na 5 maumbo mawili yaliyopishana, wakawaambia wazingatie la rangi moja. Watu wazima waliwashinda watoto kwenye umbo lililotajwa. Kwenye umbo ambalo hakuna aliyeambiwa alitazame, watoto waliwashinda watu wazima. Mtoto ambaye hajajua bado kipi ni muhimu hukusanya kwa upana, na kwa anayeanza kuijua dunia huo ni mpango wenye maana.

19. Mzunguko wa kujifunza na umakini ulioelezwa katika swali la 2 huisha utu uzimani?

Hauishi. Mwaka 2013 Trafton Drew, Melissa Võ na Jeremy Wolfe waliwapa madaktari 24 wa radiolojia picha za CT za mapafu watafute vinundu vya saratani, na ndani ya picha za mwisho wakapachika picha ya sokwe, kubwa mara nyingi kuliko kinundu cha kawaida. Madaktari 20 hawakumwona. Vifaa vya kufuatilia macho vilionyesha kwamba wengi wao waliangalia pale pale alipokuwa. Ujuzi ule ule unaowawezesha kuona kinundu ambacho wewe na mimi tusingekiona ulikuwa umewafundisha macho yao vilevile nini cha kuacha, na sokwe hakuwa katika orodha ya vitu vya kutafutwa ndani ya pafu.